Masters ya Awuor na Mjomba Wake wa Reli

Benchi ni langu. Nasema hivyo mapema kwa sababu wanaolikalia hujisahau. Nililigongelea mwenyewe misumari na kuliweka mbele ya kibanda changu cha baiskeli, hapa Kibuye, upande wa barabara ya kwenda Kondele, ili wateja wakae wakingoja tairi zao. Sijawahi kuona mteja akipata nafasi. Tangu Nabalayo alete jiko lake na birika la kahawa pembeni, benchi limetekwa na wazee watatu ambao hawana baiskeli hata moja kati yao. Wa kwanza ni Ouma, tunamwita Behewa, maana alikagua tiketi kwenye treni ya Kisumu na Nairobi mpaka reli ikampumzisha mwaka jana, tisini na mbili. Wa pili ni Zadock, tunamwita Profesa, kwa sababu alikuwa askari wa geti kwenye chuo kikuu kimoja, na anaamini elimu yote iliyopita pale getini ilimwachia kidogo. Wa tatu ni Irungu, muuza mitumba, jina lake la sokoni ni Bei ya Mwisho, ingawa bei hiyo hakuna aliyewahi kuifikia. Mimi wananiita Spoku, na nakaa chini, juu ya tairi kuukuu, kama mgeni kwangu mwenyewe.

Alhamisi moja Ouma alifika bila salamu. Akapewa kikombe, akakishika tu.

Nabalayo: Baba, kahawa iko na shida?

Ouma: Kahawa haina shida. Shida ni mimi. Awuor amemaliza masters.

Irungu: Si hiyo ni habari mzuri, bwana!

Ouma: Ni mzuri. Jumamosi dada yangu Milka, mama yake, anamfanyia karamu huko Katito, na Awuor amefika huko tayari. Watu itajaa mpaka barabarani. Na wameita nyatiti.

Hapo tulitazamana sote, hata Irungu, ambaye kwao Murang'a hawana nyatiti lakini amekaa Kisumu vya kutosha kuijua hatari yake. Nyatiti, kile kinanda cha nyuzi cha Waluo, ikishakolea, mtu husimama, huweka kitu kidogo mbele ya mpigaji, nyuzi zinanyamazishwa, naye hujisifu au humsifu mtu wake mbele ya umati. Tunaita pakruok. Akimaliza, mtu wa upande wa pili ana haki ya kusimama na kumpiku. Ukikosea sifa, utachekwa papo hapo, na kicheko hicho kitakufuata sokoni, kanisani na matangani. Kwa Awuor, wa upande wa mama ni Ouma, mjomba. Wa upande wa baba ni Enos, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kusahihisha hata salamu.

Na Ouma alishachekwa mara moja. Ilikuwa kwenye karamu ya digrii ya kwanza. Awuor alikuwa amepata sekendi klasi, ile ya juu, apa. Ouma, baada ya miaka yote kwenye treni, alijua kabisa kwamba kwenye sekendi klasi kitanda cha juu ni cha mtu asiye na bahati: unapanda kwa ngazi, unagonga kichwa, na usiku unaogopa kugeuka. Kitanda cha chini ndicho abiria waliokuwa wakimwomba kwa machozi. Kwa hiyo alisimama mbele ya nyatiti na kumpandisha mpwa wake cheo kwa mapenzi yote: "Mimi Ouma, mjomba wa Awuor, msichana wa sekendi klasi ya chini!" Enos hakuhitaji hata kulipa ili ajibu. Alicheka tu, na Nyakach yote, huko kwao Katito, ikacheka pamoja naye.

Ouma: Mimi sikuumia kwa sababu ya Enos. Niliumia vile Awuor aliangalia miguu yake. Huyo mtoto nililea mimi, toka darasa la tano, kwa nyumba za reli. Safari hii siwezi kosea. Nyinyi mniambie, masters ni nini, na iko ngapi, na gani kubwa.

Zadock alikuwa anangoja maneno hayo tangu azaliwe. Aliweka kikombe chini, akakunja mguu.

Zadock: Masters iko nyingi, omera. Iko M.A., iko M.Sc., iko M.Ed., iko M.Phil., iko ile ya biashara. Mbele yake kuna PhD. Na kabla yake kuna diploma fulani, unapewa juu ya digrii.

Irungu: Diploma juu ya digrii? Hiyo ni kama kuvaa sweta juu ya koti.

Zadock: Ngoja, usiharibu darasa. Mimi nilikuwa nawajua bila kuuliza. Mtu wa digrii ya kwanza akipita geti anasema, "Habari ya asubuhi, mzee." Wa masters anainua mkono tu. Wa PhD anapita kama geti haiko. Profesa yeye anagonga geti na gari, halafu anauliza nani aliiweka hapo.

Ouma: Awuor husalimia watu.

Zadock: Basi hiyo masters haijamuingia vizuri.

Mimi: Na M.A. na M.Sc. zinatofautiana wapi?

Zadock: M.A. ni ya watu wa kuongea. M.Sc. ni ya watu wa kunyamaza, kwa sababu wanahesabu. Ukimsumbua anaanza upya.

Ouma: Awuor anaongea. Lakini pia ananyamaza.

Zadock: Atakuwa amechukua zote mbili.

Irungu: Wacheni nyinyi, hii maneno ni rahisi. Digrii ni bale ya mitumba. Ukifungua, ile nguo safi ya kwanza inaitwa kamera, hiyo ndio PhD. Inayofuata, haina doa lakini kifungo moja imetoka, hiyo ni masters. Ile inabaki chini kabisa, unauza kwa fungu, ni digrii ya kwanza.

Ouma: Unasema mtoto yangu amekosa kifungo?

Irungu: Kifungo inashonwa, mzee! Tunaongea jumla.

Ouma alikataa kabisa kumfanya mpwa wake nguo kuukuu. Alikunywa kahawa kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, na macho yakamwangaza. Nikajua treni inakuja.

Ouma: Hapana. Hii kitu ni laini ya reli. Digrii ya kwanza ni kutoka Kisumu mpaka Muhoroni. Watu wengi wanashuka hapo, kuna sukari, kuna kazi. Masters inakupeleka Nakuru. PhD ni Nairobi, mwisho wa laini, kila mtu ashuke.

Zadock: Sasa umeelewa, Behewa! Na M.Phil. ni mtu alitaka kufika Nairobi akachoka njiani.

Ouma: Ameshuka Molo.

Irungu: Na hana sweta.

Ouma: Na ile diploma ya juu ya digrii?

Zadock: Hiyo umepanda tena, lakini umesimama mlangoni.

Ilikuwa nadharia nzuri, lazima nikiri, na ingeweza kuishia hapo. Lakini Zadock akishaanza kukubaliwa hana breki.

Zadock: Sasa usifikirie masters wanakupea hivi hivi. Unaandika kitabu. Kinafungwa kwa jalada nyeusi, halafu unaitwa kwa chumba ukitetee. Wazee watano wamekaa, hakuna hata moja anacheka. Wanakupiga maswali.

Ouma: Awuor peke yake?

Zadock: Peke yake. Hata mama haruhusiwi.

Ouma: Yawa! Na mimi nilikuwa wapi?

Zadock: Ulikuwa hapa benchi. Na huko nje iko mzee wa sita, anaitwa mtahini wa nje. Anatoka chuo ingine, mbali kabisa, wengine hata wanatoka Ulaya.

Irungu: Kwa nini wanamweka nje?

Zadock: Ndio sheria.

Irungu: Mtu ametoka Ulaya, na hata ndani hawamkaribishi?

Zadock: Anasikilizia kwa dirisha. Ukisema uongo anagonga kioo.

Nabalayo: Na mvua ikinyesha?

Zadock alifikiri. Nilimwona akifikiri. Mtu mwingine angesema hajui.

Zadock: Ndio maana ile joho yao iko na kofia inaning'inia mgongoni.

Irungu alipiga paja. Alisema sasa ameelewa kitu kilichomsumbua miaka. Wakati fulani alifungua bale kutoka ng'ambo akakuta humo joho jekundu lenye mistari ya bluu mikononi, zito kama blanketi, na hakujua ni la kazi gani. Akalitundika kwenye mti wa kuanikia nguo zake mpaka mchungaji mmoja wa kanisa dogo huko Manyatta akapita, akalipenda, akaondoka nalo. Mchungaji huyo anahubiri nalo kila Jumapili hadi leo.

Zadock: Jekundu? Mikono mistari ya bluu?

Irungu: Na kitambaa nzito ya ndani.

Zadock: Bwana Irungu, hiyo ni PhD! Mimi huyo mtu nilimpigia saluti pale hospitali, nikijua ni daktari wa chuo!

Irungu: Na aliitikia?

Zadock: Alipita kama siko.

Irungu: Basi imemuingia.

Tulicheka mpaka mteja mmoja aliyekuja kuweka upepo akaondoka bila kuweka. Ouma peke yake hakucheka. Alikuwa anasogeza midomo, anajaribu sifa. Mwishowe akasimama, akarekebisha koti, akanyoosha mkono kuelekea jiko la Nabalayo kana kwamba ndilo nyatiti.

Ouma: Mimi Ouma, mjomba wa Awuor! Msichana amepita Muhoroni bila kushuka! Amefika Nakuru, na treni bado iko na moto! Wazee watano walimuuliza tiketi, akatoa! Wa sita aligonga dirisha, akamwambia ngoja stesheni!

Tulipiga makofi. Nabalayo alipiga kijiko kwenye birika. Kwa kweli ilikuwa nzuri, na kama mambo ya duniani yangekuwa na haki, Enos angejificha nyuma ya ghala asikie hiyo.

Wakati wa makofi hayo ndipo alipofika Jentrix, mama wa samaki kutoka Dunga, na mvulana wa mkokoteni nyuma yake. Gurudumu moja la mkokoteni lilikuwa limelala kabisa, na juu ya mkokoteni kulikuwa na magunia ya omena, dagaa wa ziwani, ya kuuza Kibuye. Hakuwa mtu wa benchi letu. Alinipungia mkono, nikavuta tyubu nje na kuitia kwenye beseni nitafute pancha. Aliposikia makofi akauliza kuna nini, na Ouma, akiwa bado amesimama, akampa sifa yote tena kuanzia mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.

Jentrix: Hongera, baba. Hiyo ni kazi. Na huyo msichana alisomea nini?

Zadock: Masters.

Jentrix: Nimesikia masters. Masters ya nini?

Zadock: Ya chuo kikuu.

Irungu: Ya Nairobi.

Jentrix: Hapo ndio alisomea. Nauliza alisomea kitu gani.

Irungu alimtazama Zadock. Zadock alimtazama Nabalayo, kana kwamba ni zamu yake. Mimi niliinamia beseni, ingawa pancha nilikuwa nimeshaiona na kidole changu kilikuwa juu yake. Kisha sote, mmoja mmoja, tukamgeukia Ouma.

Ouma: Alikuwa na vitabu mzito sana. Nilibeba mimi mwenyewe mpaka ndani ya behewa.

Jentrix: Vitabu vya nini, baba?

Ouma: Vilikuwa kwa sanduku.

Akakaa. Alikaa polepole. Jentrix hakuwa na ubaya wowote, mama wa watu alikuwa anangoja gurudumu lake, lakini aliona amegusa mahali, akageukia magunia yake. Zadock ndiye hakuweza kunyamaza.

Zadock: Usijali, Behewa. Sema tu ni masters ya mambo mengi.

Irungu: Ama sema ni siri ya serikali. Enos atauliza nini tena?

Ouma: Wachana na Enos.

Alisema kwa sauti ambayo hatukuizoea kutoka kwake. Hii ni sauti iliyozoea kupiga kelele kushinda magurudumu ya treni, na sasa ilibidi tuinamishe vichwa ili tuisikie.

Ouma: Kila muhula nilimpeleka stesheni. Kila muhula. Nilimuuliza, umekula? Nilimuuliza, umepata kiti? Niliingia mpaka ndani, nikaangalia kama dirisha inafunga, asipigwe na baridi huko Mau. Alikuwa anakaa pale na kitabu wazi kwa magoti, mimi naangalia dirisha. Akirudi namuuliza, treni ilichelewa? Hiyo ndio nilijua kuuliza.

Nabalayo: Si hiyo ni mapenzi, baba?

Ouma: Ni mapenzi. Lakini Jumamosi atakaa pale mbele na nguo yake mpya. Enos acheke, asicheke, shauri yake. Huyo mtoto ndiye atasikia. Atasikia mjomba anasifu treni.

 Nilipaka gundi, nikapuliza, nikabandika kiraka. Niliona huruma, na niliona aibu kidogo pia, kwa sababu nami nilikuwa nimepiga makofi.

Irungu: Si ungoje tu umuulize huko huko Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajafika?

Ouma: Nimuulize akiwa anapika na mama yake, wageni wanaingia? Aniambie kwa mkato, kama mtu anauliza njia? Naenda leo leo.

Zadock: Lakini ukienda leo, atajua hukuwa unajua.

Ouma: Anajua! Zadock, huyo mtoto anajua miaka yote! Ni mimi peke yangu sikujua.

Akasimama. Safari hii hakunyoosha mkono kwa nyatiti yoyote. Alitazama kibandani kwangu, ambako baiskeli moja nyeusi ilikuwa imeegemea ukuta, nimeshamaliza kuinyoosha rimu.

Ouma: Spoku, hiyo ni ya nani?

Mimi: Ya katekista wa Nyalenda. Anakuja kuichukua jioni.

Ouma: Mwambie imeenda Katito.

Mimi: Mzee, haina breki ya nyuma!

Ouma: Sina mpango wa kusimama.

Jentrix: Baba, Katito ni mbali. Jua hii?

Ouma: Mama, ero kamano, asante. Nitapumzika Ahero.

Akakunja suruali, akaingiza ncha kwenye soksi, na kabla sijapata maneno ya kumtisha kwa jina la kanisa, alikuwa ameshaivuka barabara. Alikaa wima kama mtu aliye kazini. Zadock alikimbia hatua chache nyuma yake akipunga kofia.

Zadock: Behewa! Muulize pia yule mzee wa nje alikalia nini!

Ouma hakugeuka. Tulimtazama mpaka akamezwa na mikokoteni na vumbi. Jentrix alilipia kiraka chake, akapiga gurudumu kwa kiganja, akamwambia mvulana avute, wakaenda na omena zao. Zadock alirudi na kukaa. Benchi lilikuwa na nafasi ya mtu mzima katikati, na hakuna aliyesogea kuijaza.

Irungu alitikisa kichwa. Alisema ni jambo la ajabu sana, mtu kusomesha mtoto miaka yote hiyo asijue anasoma nini. Alisema kwao haiwezekani. Alisema tena. Aliposema mara ya tatu uvumilivu uliniisha.

Mimi: Irungu, na mtoto wako Wamucii, yule yuko chuo kule Njoro. Anasomea nini?

Irungu: Wamucii?

Mimi: Wamucii.

Irungu: Anasomea... ni kozi ya miaka minne.

Zadock alikohoa. Irungu alichukua kikombe chake, akakuta ni kitupu, akamnyooshea Nabalayo bila kumtazama.

Irungu: Mama, ongeza kahawa hapa.

Nabalayo aliinamisha birika, akalitikisa, akaligeuza lote juu ya kikombe. Likatoka tone moja na machicha ya kahawa. Irungu aliangalia tone lile, kisha akanigeukia polepole, na nikaona kabisa swali linavyokuja, kwa sababu mimi pia nina mmoja chuoni, yuko Kaimosi, mwaka wa pili. Nikaokota pampu, nikatoka mbio kumfuata mteja yule wa upepo.